Elimu ya Misitu Ifike Mpanda, Isiishie Kwenye Karatasi

Kijana wa Mpanda anayetaka kuwa bwana miti mwenye cheti huambiwa kuwa njia ni mbili. Ya kwanza ni kufunga mizigo, kupanda gari moshi au basi hadi Tabora, kisha kuendelea na safari mpaka Olmotonyi, mkoani Arusha, kwenye Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937. Ya pili, inayozidi kusifiwa siku hizi, ni kubaki nyumbani na kusoma kwa masafa, kwa vitabu vinavyotumwa na kwa masomo yanayopokelewa kwa simu na kompyuta. Ubishi juu ya njia ipi iliyo bora umekuwa wa muda mrefu, na mara nyingi huendeshwa na watu ambao hawajapata kushika panga la kupogolea.

Sisi tunaona kwamba ubishi huo umeelekezwa mahali pasipo pake. Linalotakiwa kuulizwa kwanza ni mahali ambapo mwanafunzi atashika mti, na ni nani atakayesimama kando yake anapoushika.

Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ni nchi ya miyombo. Hapo hupatikana mninga na mkurungu, miti ambayo mbao zake zimewatajirisha wengi na kuwatia wengine matatani. Asali ya mkoa huo hutoka katika misitu hiyo hiyo, na ni humo humo mkulima wa tumbaku anakotafuta kuni za kukaushia majani yake. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyopakana na safu ya milima ya Ntakata vimekuwa vikipata fedha kwa biashara ya hewa ukaa, yaani kwa kuiacha miti isimame. Kijiji kinachoishi kwa miti iliyosimama kinahitaji watu wanaojua kuipima, kuikagua na kuitibu. Mlinzi mwenye rungu hatoshi.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watauliza Mpanda inawahusu nini. Inawahusu sana. Kwanza, sehemu kubwa ya mbao wanazojengea hutoka bara. Pili, wao wenyewe wana mti unaowalisha, nao ni mkarafuu. Mchumaji anayevunja tawi badala ya kulivuta taratibu huacha jeraha, na jeraha hilo ndilo mlango wa ukungu unaokausha matawi hadi mti wote ukapotea. Jambo hilo limo vitabuni kwa miaka mingi sasa, na bado matawi yanavunjwa. Mpanda na Wete zina tatizo moja, nalo ni namna ya kuitoa elimu ya mti kitabuni na kuiingiza mkononi mwa mtu anayeishi mbali na chuo.

Wanaotetea darasa wana hoja nzito. Mwalimu aliye mbele ya mwanafunzi humrekebisha papo hapo. Upande wa kukata tawi ili jeraha lifunge, mlio wa shina lenye uwazi ndani linapogongwa, mahali pa kusimama mti unapoanguka: mambo haya hayaingii kichwani kwa kusomwa tu. Katika Uingereza, ambako nadharia ya utunzaji wa miti husomwa pia kwa masafa, ustadi wa kutumia msumeno wa mnyororo hupimwa na mtahini anayemwona mtahiniwa kwa macho yake. Kosa la kalamu husahihishwa kwa wino mwekundu. Kosa la msumeno huenda likahitaji machela.

Lakini darasa la mbali nalo lina gharama isiyoandikwa katika fomu ya maombi. Bwana miti aliyekwisha ajiriwa, akiondoka kwa mwaka mmoja au miwili, huacha kata nzima bila mtaalamu, na anayechoma mkaa hasubiri mwenziwe arudi masomoni. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kuondoka hata akipewa nafasi. Ndiyo maana tunapoitisha mabwana miti huja mabwana kweli, na mabibi miti wakawa wachache. Zaidi ya hayo, mwanafunzi aliye kwenye miteremko ya Meru huzungukwa na misindano na miti mingine iliyopandwa kwa mistari. Ni elimu njema, nasi hatuidharau. Ila atakaporudi Mlele atakuta msitu wa asili ambao haukupandwa na mtu, wenye tabia zake.

Tutoe mfano mmoja. Mche wa mninga hukauka shina lake kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukizidi kunenepa ardhini. Mvua zikirudi huchipua upya. Huendelea hivyo kwa miaka mingi kabla haujapata nguvu ya kusimama moja kwa moja. Mtaalamu asiyelijua hilo hupita wakati wa kiangazi, akaona vijiti vikavu, akaandika katika taarifa yake kuwa msitu hauzaliani, kisha akapendekeza ardhi hiyo igawiwe kwa kazi nyingine. Mrina asali wa Inyonga asiye na cheti chochote angemcheka.

Elimu ya masafa si ngeni kwetu, wala haikuja na kompyuta. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha kwa njia ya posta, na baadhi ya waliopata kuwa wakubwa maofisini walipandia ngazi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1980 ikafuata kampeni ya Misitu ni Mali, iliyohusu miti yenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimeeneza vituo vyake mikoani. Kwa hiyo anayesema kuwa Mtanzania hawezi kujifunza bila kuketi mbele ya ubao hajasoma historia ya nchi yake.

Ila tukumbuke Mtu ni Afya ilikuwaje. Redio ilikuwa sehemu moja tu. Kulikuwa na kijitabu, kulikuwa na kiongozi wa kikundi aliyefunzwa kabla, na mazungumzo yalipokwisha watu walikwenda kuchimba vyoo. Somo lilihesabika kuwa limeeleweka shimo lilipoonekana. Hatujaridhika kwamba wanaotaka elimu ya masafa leo wanaitaka kwa sharti hilo. Baadhi yao, tuseme wazi, huitaka kwa sababu ni rahisi: haihitaji bweni, haihitaji posho, na mwisho wake kuna karatasi ya kutundika ukutani na kupandishia cheo. Cheti cha namna hiyo hakina faida kwa mninga, na huwavunjia heshima wale waliosoma kwa masafa kwa jasho la kweli.

Tunayoyapendekeza kwa Serikali hayahitaji majengo mapya. Nadharia isomwe kwa masafa: sheria ya misitu, vipimo, magonjwa, udongo, hesabu. Mwanafunzi abaki kazini kwake na nyumbani kwake. Kisha, mara kadhaa kwa mwaka, wanafunzi wote wa mkoa wakusanywe kwa wiki mbili au tatu msituni chini ya wakufunzi. Wakufunzi hawako mbali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda humo humo Katavi, Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora, na Wakala wa Huduma za Misitu ana watumishi wanaoijua miyombo kwa majina yake. Olmotonyi ilete walimu badala ya kusubiri wanafunzi. Warina asali wazee nao waitwe wafundishe, walipwe kama wanavyolipwa wakufunzi wengine, wasipewe soda na asante.

Halmashauri zinazopata ushuru wa mazao ya misitu zitenge sehemu ya mapato hayo kwa ajili ya nauli na chakula cha wanafunzi katika wiki hizo. Na ofisi za ajira ziache tabia ya kuuliza cheti kilipatikana kwa njia gani. Ziulize kama mwenye cheti alipita mtihani wa vitendo. Visiwani, Wizara inayohusika na kilimo ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa wachumaji na wakaguzi wa mikarafuu huko Pemba, mtihani ukifanyika juu ya mti wenyewe.

Kwa Katavi, tunashauri mtihani wa vitendo uwekwe Septemba au Oktoba, wakati miyombo inapotoa majani mekundu kabla ya mvua. Mtahiniwa apelekwe porini, aonyeshwe kijiti kikavu cha mninga, aulizwe kama kimekufa, na ajieleze.