Likoni Ikitikisika

Usiku wa Agosti 12, 2020, muda mfupi baada ya saa mbili, Mombasa ilitikisika. Tetemeko lilizuka chini ya bahari, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, likiwa na ukubwa wa takriban 6, na hata Nairobi lilisikika. Kwetu halikuua mtu. Likapita, tukalisahau.

Tusilolisahau ni la 2004. Tetemeko la Sumatra la Desemba 26, lenye ukubwa wa 9.1, lilisukuma mawimbi yaliyochukua takriban saa nane kuvuka bahari. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Kenya alikufa mmoja, Malindi. Polisi walipata muda wa kuwaondoa watu ufuoni. Na kuna bahati nyingine isiyotajwa sana: ilikuwa siku ya mwezi mpevu, bamvua, ambapo maji ya Mombasa hujaa alasiri. Mawimbi yalifika mchana, maji yakiwa bado hayajajaa. Mvuvi wa Timbwani, hapa Likoni, hahitaji kuelezwa maana ya tofauti hiyo.

Tangu 2011 Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari za tsunami kwa nchi zote za Bahari ya Hindi. Ni kazi nzuri, wala haifai kubezwa: huko Pangani, Tanzania, kwa jirani zetu wa kusini, wanasayansi wamefukua tabaka la mchanga na mifupa ya watu waliouawa na tsunami miaka 1,000 hivi iliyopita. Lakini tahadhari hiyo ina faida pale ambapo bahari inatupa saa za kukimbia. Tetemeko lenyewe likiwa karibu, ardhi hutikisika kabla simu haijalia.

Ndiyo maana naona wadi yetu ya Bofu, hapa Likoni, ikitazama baharini tu inatazama upande usio wake. Hatari iliyo karibu zaidi na mkazi wa wadi hii ni ghorofa la jirani.

Nitaambiwa Mombasa si Bonde la Ufa. Kweli, tetemeko kubwa la Subukia la 1928, la ukubwa wa 6.9, lilipiga mbali na hapa. Basi tutazame Kagera, Tanzania. Septemba 2016, tetemeko la 5.9, karibu sawa na lile lililotutikisa miaka minne baadaye, liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Lilizuka chini ya nchi kavu, karibu na makazi. La 2020 lilikuwa baharini, mbali. Na Huruma, Nairobi, Aprili 2016, ghorofa liliporomoka bila tetemeko lolote, mvua tu, wakafa watu wapatao 50.

Likoni ina historia yake ya kujenga. Kwa miaka mingi wengi waliishi katika nyumba bila ardhi: kuta na paa zako, kiwanja cha mwingine. Nani atachimba msingi mrefu mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Nyumba za udongo, boriti na mabati zilikuwa duni, lakini zikianguka mtu anaweza kuvutwa akiwa hai. Hati za shamba la Waitiki hapa Likoni, ekari zaidi ya 900, zilipoanza kutolewa 2016, ilikuwa haki iliyocheleweshwa mno. Lakini mwenye hati hujenga, na akipata wapangaji huongeza orofa, mara nyingi juu ya msingi uliopimwa kwa ajili ya orofa moja. Hapo ndipo slabu huwa juu ya vichwa vya watu.

Kenya ina mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973, kwa hiyo tatizo si karatasi. Tatizo ni wakati mkaguzi anapofika. Akifika vyuma vya nguzo vikiwa bado wazi, anaweza kuvihesabu na kumwambia fundi aongeze. Akifika baada ya plasta, kilichobaki ni kupiga ukutani alama ya X, ishara ya jengo hatari, na wapangaji wataendelea kulipa kodi chini yake.

Mwenye nyumba atalalamika kuhusu gharama, na ana haki. Kaunti inaweza kumpunguzia ada ya kibali kwa sharti moja: asimwage zege la nguzo kabla mhandisi hajatia sahihi. Ianzie kwa wale wanaotaka kuongeza orofa.