Binti Yangu na Sheria ya Usawa



Mwezi uliopita binti yangu alinipa habari iliyonikosesha usingizi. Anamaliza masomo ya sheria hapa Toronto, na nafasi aliyopewa na kampuni kubwa ya mawakili wa biashara ameikataa. Anataka kesi za usawa na katiba. Nikamwambia, "Mwanangu, nimesafisha maofisi usiku miaka kumi na miwili ili usome. Huo usawa utakulipia kodi ya nyumba?"

Hakubishana nami. Alinisimulia kesi ya Mark Andrews, Mwingereza aliyehamia British Columbia. Alikuwa amesomea sheria na ana ukaazi wa kudumu, ila hakuwa raia, kwa hiyo alikataliwa kuwa wakili. Kifungu cha 15 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, kinacholinda usawa, kilianza kutumika mwaka 1985. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikampa Andrews haki yake.

"Mama," akaniuliza, "ulipoanza kazi hapa ulikuwa raia?"

Sikuwa.

Akanieleza pia kuhusu tume za uchunguzi. Mwaka 1995 polisi wa Ontario walimpiga risasi na kumuua Dudley George, mmoja wa wenyeji wa asili waliokuwa wakidai ardhi yao huko Ipperwash. Ndugu zake walidai uchunguzi kwa miaka. Tume iliundwa mwaka 2003, ripoti ikatoka 2007. Tume haimfungi mtu jela. Kazi yake ni kuweka ukweli hadharani na kupendekeza marekebisho. Lakini mbele yake wakili wa familia anaweza kuwauliza wakubwa maswali, nao wakajibu kwa kiapo.

Hapo nikamkumbuka msimamizi wangu wa zamani, aliyekuwa akitupunguzia saa za kazi sisi wageni peke yetu. Nilinyamaza, nikiogopa kufukuzwa. Siri hiyo sikuwahi kumwambia mwanangu. Usiku ule nilimwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Wenzako wangapi walinyamaza, mama?"

Wazee wetu walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wasiwasi wa kodi bado ninao, sitawaficha. Ila kumwomba abadili nia, nimeacha.

Wazazi wenzangu, ninyi mmewasimulia watoto wenu mliyoyanyamazia?