Kurina si Kuvuna

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Siku hizi wachovyaji wameongezeka. Mwalimu, karani au mstaafu aliye na kishamba Kitui, Baringo na kwingineko hutundika mizinga miwili mitatu mitini, si kwa biashara bali kwa ridhaa ya nafsi. Hilo ni la kupongezwa. Linalosikitisha ni kwamba jioni ya kuiendea mizinga inapowadia, wengi wao husema wanakwenda "kuvuna" asali, ilhali kazi hiyo ina jina lake: kurina.

Yamkini msomaji atauliza pana dhara gani, maadamu ujumbe umefika. Katika Kiswahili nafaka huvunwa, matunda huchumwa, nazi huanguliwa, tembo hugemwa, mihogo hung'olewa na asali hurinwa. Mgawanyo huu si pambo la mitihani. Kila kitenzi kimebeba namna ya kazi na uhusiano wa mtendaji na kile anachokitwaa. Mvunaji huchukua alichopanda. Mrina hakupanda kitu. Anabisha hodi katika nyumba ya wenyewe.

Hebu na itazamwe kazi yenyewe. Mrina hodari hungoja jua lichwe. Huvaa mavazi meupe, kwa kuwa rangi nyeusi huwachokoza nyuki, kisha hupuliza moshi kidogo mlangoni mwa mzinga ili kuwatuliza. Iwapo mzinga wake ni ule wa mbao za juu, uliobuniwa nchini Kenya katika miaka ya 1970, huinua ubao mmoja mmoja na kulichunguza sega linaloning'inia. Sega lililofunikwa kwa nta sehemu kubwa limeiva. Lililo wazi lina asali ya majimaji ambayo huchacha ikihifadhiwa. Lenye majana huachwa, kwani hao ndio nyuki wa kesho. Hata masega yaliyoiva hayamalizwi: machache hubakizwa yawe akiba ya kiangazi, la sivyo nyuki huweza kugura na mzinga ukabaki mtupu. Tena anapolikata sega, mrina huacha ukanda mwembamba ubaoni ili nyuki waanzie hapo kujenga upya.

Mvunaji wa mahindi, kwa upande wake, hasifiwi kwa kubakiza. Husifiwa kwa kulimaliza konde. Mfugaji mgeni anayeuendea mzinga kwa fikra hiyo hukwangua kila kitu, majana na yote, kisha hulalama kwamba nyuki wake wamehama bila sababu. Haitakuwa haki kudai kwamba neno peke yake ndilo lililomponza. Hata miongoni mwa warina wa jadi wamekuwapo waliotumia mienge ya moto wakawateketeza nyuki. Hata hivyo, anayejua kwamba kazi yake ina jina lake ni rahisi kwake kuuliza ina miiko gani.

Sehemu ya lawama inawaangukia wanaofundisha Kiswahili. Mwanafunzi hukaririshwa kwamba mrina ni mtu atoaye asali mzingani, akapata alama yake, na neno likafia kwenye karatasi ya mtihani. Nchini Tanzania, warina asali hutajwa magazetini kama watajwavyo wavuvi na wakulima.

Wapo watakaosema kwamba lugha hukua, na kwamba hata maji ya mvua siku hizi huvunwa. Ni kweli, wala "kuvuna asali" si kosa la sarufi. Lakini kukua ni kuongeza. Kuvifukuza vitenzi vitano ili kimoja kitawale ni kupungua.

Kwa hiyo, yawapasa wanafunzi wa Kiswahili watoke maktabani, wakaketi na warina wa Mwingi na Pokot Magharibi. Huko watakuta maneno ya lugha za kwao yatajayo hali za sega, aina za nyuki na majira ya asali. Wayakusanye, wayalinganishe na ya Kiswahili, na palipo na pengo wayakaribishe. Kisha wamwandikie yule karani mwenye mizinga mitatu kijitabu cha Kiswahili atakachokielewa. Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga. Mwanalugha naye na amfuate mrina.