Punje Moja na Deni la Mjane



Mjane mmoja wa Mbeya, mama wa watoto wanne, alinieleza habari ya deni lake. Mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu na mahindi yangali mabichi shambani, alikopa gunia moja kwa ahadi ya kulipa mawili baada ya mavuno. Hakuweza. Mkopeshaji akasema mwakani yatakuwa manne. "Ustadhi," akaniambia, "mwaka wa kwanza sikuona uzito wake." Sasa anadaiwa manane, na shamba lake la ekari moja limewekwa rehani.

Hesabu ya namna hii wanazuoni wetu waliijua zamani. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, ametaja kisa cha Sissa, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyebuni sataranji. Mfalme alipomtaka achague zawadi, aliomba punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza wa ubao, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, na kuendelea hivyo hadi wa 64. Mfalme akaliona ombi hilo dogo. Karne mbili kabla ya Ibn Khallikan, al-Biruni alikuwa amekwisha kukokotoa jumla yake: 18,446,744,073,709,551,615.

Nambari hii haihitaji kujumlisha miraba yote. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4. 4 kwa 4 upate 16. 16 kwa 16 upate 256. Ukifanya hivyo mara sita, kisha ukatoa moja, umefika. Inagawanyika kwa 5, kwa kuwa inaishia na 5. Na kwa 3, kwa kuwa tarakimu zake zikijumlishwa ni 87. Lakini sifa yake kubwa ni hii: kila mraba huzidi kwa punje moja miraba yote iliyoutangulia ikiwekwa pamoja.

Nikiwa Iringa niliwachorea watoto wa kaka yangu ubao sakafuni kwa chaki, nikawapa sinia la mahindi. Miraba kumi ya kwanza ilichukua punje 1,023 tu, zisizojaza hata bakuli. Kufika mraba wa 19, gunia la kilo mia lingekuwa limepitwa. Kufika wa 64, mavuno ya mahindi ya dunia nzima kwa miaka elfu kadhaa yasingetosha. Mdogo wao akauliza, "Baba mdogo, kwani mfalme hakujua kuhesabu?" Nikamjibu: alijua, ila aliishia kwenye miraba ya mwanzo.

Hapo ndipo tunaponaswa. Deni linalojirudufu huanza kwa sura ya msaada. Gunia la mjane yule, likiachwa misimu kumi, ni magunia 1,024. Sura ya Aal Imran, aya ya 130, imeikataza riba ya namna hii, na al-Baqara, aya ya 280, imetuamrisha kumpa muda mwenye dhiki.

Wazee wa msikiti wanazungumza na mkopeshaji apokee gunia moja alilotoa. Nawe mwenye akiba, kopesha gunia kwa gunia. Nawe mkopaji, kabla ya kutia dole gumba, keti na wanao, mhesabu hadi mwaka wa kumi.

Wabillahi tawfiq.