Mpaka Kipushi kwa kinga

Wengi mmeniuliza sababu gani mwalimu mmoja na mwenzake wanapita barabara ya Kipushi jua halijatoka, wamevaa suruali na kofia ngumu, kama watu wanaokimbia deni. Jibu ni kwamba tunajitayarisha kwa triatlo. Na kuhusu deni, hamkukosea sana, nitafika hapo.

Triatlo ni michezo mitatu inayofuatana bila kupumzika: kuogelea, kupanda kinga, kukimbia. Ile ya Olimpiki, iliyoingia kwa mara ya kwanza Sydney mwaka wa 2000, ni mita 1,500 majini, kilometa 40 kwa kinga na kilometa 10 kwa miguu. Sisi tunalenga ile fupi, nusu yake: mita 750, kilometa 20, kilometa 5. Saa inaanza unapoingia majini, na haisimami hata wakati unafunga kamba za viatu.

Mwenzangu amenizidi miaka, namwita yaya, naye ananiita mwalimu hata tukiwa majini. Na majini ndiko tunateseka. Wenzetu wa Kalemie wana ziwa mlangoni. Sisi wa Lubumbashi tunaenda pisini, na pisini inalipwa. Kwa hiyo tunaingia mara moja kwa wiki, na hiyo saa moja tunaikamua kama nguo. Kinga na miguu haviombi franka, ndiyo maana tumeendelea zaidi huko.

Sasa lile deni. Mnajua wote kwamba kuna wamama wanaojifungua salama, kisha wanabaki maternite kwa wiki nyingi kwa sababu familia haijapata pesa za kulipa. Sitaki kutupa lawama yote kwa waganga. Maternite nayo inanunua dawa na glavu. Lakini mtoto wa wiki tatu ambaye hajaona nyumba ya baba yake, na wakubwa wake wako huko wanapikiwa na jirani, hilo si jambo la kuzoea. Shirika letu liliamua wanawake tisa wapande kinga mpaka Kipushi na kurudi, kilometa 60 hivi, na kila mmoja atafute watu wa kuahidi kitu kidogo kwa kila kilometa. Sharti lilikuwa moja: inahesabiwa kilometa uliyofanya kwa miguu yako mwenyewe. Ukipanda taksi, hesabu imesimama hapo.

Yaya alifurahi. Kwake ile ilikuwa siku ya mazoezi marefu, kilometa 60 kwa mwendo mmoja, na wiki sita tu zimebaki. Mimi niliona ni mambo mawili tofauti. Tulibishana Ijumaa yote jioni, sahani ya bukari katikati yetu, na hakuna aliyeshinda.

Kinga nyingi zilikuwa za mabwana na kaka, zenye chuma cha juu, na kiti kimewekwa kwa mtu mwingine. Hili ni la kukumbuka kwa yeyote atakayejaribu: kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Kiti kikiwa chini kuliko hapo, magoti yatalia kabla ya kilometa 20. Na kitenge kivaliwe siku nyingine. Mnyororo haujui heshima ya nguo.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Tulikutana na wauza makala wanaingia mjini, magunia yamepita vichwa vyao, wengine wanasukuma kwa mguu kwenye kilima. Mmoja aliona tairi ya mwenzetu imekufa, akaegemeza mzigo wake kwenye mti, akaziba tundu kwa kipande cha mpira na gundi, akakataa pesa. Kama triatlo ingetoa pointi kwa mzigo, hawa watu tusingewaona hata mgongo.

Kipushi wengine walikaa kunywa munkoyo. Mimi na yaya tulishuka kwenye kinga tukakimbia kilometa mbili papo hapo, watoto wanatucheka. Hilo ni zoezi lenyewe la triatlo: miguu iliyozoea kuzunguka inakataa kupiga hatua, ni mizito kama bukari isiyoiva. Dawa ni kuizoesha mara kwa mara, na kuanza na hatua fupi.

Kurudi, upepo wa kiangazi ukaamka pamoja na vumbi la makamyo. Yaya alikuwa ametangulia mbali, namuona kama nukta. Nyuma yangu mama mmoja wa watoto watano alishuka, akaketi kando ya barabara, akauliza taksi inapita saa ngapi. Zilibaki kilometa 20 hivi. Nilipiga hesabu kichwani, ahadi zake zote mara 20, na kwa bei za huko maternite hizo zilikuwa siku kadhaa za kitanda cha mtu.

Nilimpigia yaya simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, unaniharibia mazoezi." Lakini alirudi. Alijiweka mbele, yule mama nyuma yake karibu na gurudumu, mimi mwisho. Anayefuata nyuma ya mwingine upepo haumpigi kifuani, nguvu inayobaki ni nyingi kweli. Kila baada ya dakika tano tulibadilishana mbele, mimi na yaya, kwa mwendo wa pole, na yule mama hakushika zamu hata moja. Tuliingia mjini jua likizama, wote tisa. Yaya alikuwa amechoka kuliko siku zote za mazoezi, maana kuvunja upepo mbele ni kazi kuliko kufuata nyuma ya mwingine. Hajakubali bado kwamba yalikuwa mazoezi.

Pesa zilitosha kwa wamama watatu, walitoka Jumanne, mmoja na mapacha. Wa nne amebakiza nusu ya deni lake na bado yuko kule. Mwenye kitu akipeleke kwa mama mtunza sanduku kabla ya mkutano wa Alhamisi. Kinga yangu iko huru Jumapili alasiri kwa anayetaka kujifunza, kiti nitakishusha.