AFYA YETU: Chakula Kikiwa na Ladha ya Chuma

Hebu tuchukue mfano. Mzee mmoja anakaa Marangu. Moyo wake ulikuwa ukipiga ovyo, mara mbio, mara polepole. Alipewa vidonge hospitalini, akapata nafuu.

Baada ya wiki chache mkewe alipika mtori. Mzee alionja kijiko kimoja, akaweka bakuli chini.

"Mama, umepikia sufuria yenye kutu?"

Mama alishangaa. Sufuria ni ile ile. Kesho yake mzee alisema kahawa haina harufu. Akaanza kudhani anatiliwa kitu. Nyumba ikakosa amani.

Mama hakukosea. Mzee naye hakusema uongo. Sababu ni vidonge.

Unajua kuwa ukishikwa na mafua chakula hakina ladha. Ulimi hauonji peke yake. Pua huusaidia. Sasa, baadhi ya dawa za mapigo ya moyo huvuruga ulimi au pua. Propafenoni huweza kuleta uchungu au ladha ya chuma mdomoni. Amiodaroni huweza kubadili ladha na harufu. Lakini si kila mgonjwa hupata shida hiyo.

Wagonjwa wengine huamua kuacha dawa. Hiyo ni hatari. Moyo ukirudia kupiga ovyo, damu inaweza kuganda ndani yake. Bonge la damu likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Tena amiodaroni hukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi. Ukiiacha leo, ladha mbaya haiondoki kesho.

Fanya hivi:

1. Endelea na dawa. Chukua vidonge na pakiti yake, nenda zahanati. Mweleze mganga chakula kina ladha gani, na ilianza lini. Akiona haja atakupeleka Mawenzi, au KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Daktari anaweza kupunguza dawa au kuibadili.

2. Usiongeze chumvi. Chumvi nyingi huuchosha moyo. Tia ndimu au tangawizi kidogo. Balungi usile kabla ya kumwuliza daktari, maana huweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za moyo.

3. Piga mswaki na usukutue mdomo kabla ya kula.

4. Kama pua hainusi, mwombe mwenzako anuse maziwa kabla hujayanywa. Usiache moto jikoni bila mtu, kwa sababu hutasikia harufu ya kitu kinachoungua.

Jambo moja ni la haraka. Kama unatumia digoksini, ukakosa hamu ya kula, ukatapika, au ukaona vitu vina rangi ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda dawa imezidi mwilini.

Ndugu msomaji, kama kwenu yupo anayemeza dawa za moyo, msomee ukurasa huu. Asimlaumu mpishi kabla hajamwuliza mganga.