Lenzi kuukuu haina kosa

Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Mafia. Nimerudi chuo jana, na leo nina ugomvi na nyie wataalamu wa hosteli mnaosema lenzi kuukuu ni ya kutupa. Kisa chenyewe hiki.

Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe husogea karibu na Kilindoni. Alfajiri moja mjomba akanipakia kwenye mashua tukawatazame. Mzee wangu alikuwa mbele na ngalawa yake, ile iliyonisomesha, na ambayo ilikuwa imeshapata mnunuzi. Nilitaka picha yake humo kabla haijaondoka. Kamera ya kuazima, inayotuliza mtikisiko yenyewe. Lenzi yangu ya zamani, milimita 200, ya kuzungusha kwa mkono. Nikapiga kama arobaini hivi. Zote ukungu! Roho iliniuma jamani.

Kumbe kosa langu. Ndani ya kamera hizo sensa (siyo ya kuhesabu watu!), kile kibamba kinachopokea mwanga, husogezwa kufuatana na mtikisiko wa mkono ili picha isihame. Isogee kiasi gani? Inategemea lenzi: mkono ukitikisika vilevile, picha kwenye milimita 200 inahama mara 4 ya inavyohama kwenye 50. Lenzi za kisasa huiambia kamera milimita zake zenyewe. Ya zamani haina mdomo, unaingiza namba mwenyewe kwenye menyu. Yangu ilikuwa imebaki 50, kwa hiyo sensa ilifanya robo tu ya kazi. Ukikosea kinyume chake, ukaandika 200 kwenye lenzi ya 50, inasogea kupita kiasi na kuharibu zaidi.

Kesho yake nikaweka 200. Nakubali, kamera haizuii wimbi wala haimgandishi mzee akigeuka. Na kwenye lenzi ndefu sana sensa haina nafasi ya kusogea kiasi hicho, hapo lenzi yenye kituliza chake ndani inashinda. Lakini nilipata picha 3 safi, moja mzee anacheka. Ngalawa imeshauzwa, picha ipo.

Kwa hiyo kabla boom halijaishia dukani, fungua menyu kwanza. Na sisi walimu watarajiwa, mtoto akifeli tusimtupe kabla ya kukagua tulichomfundisha.

Naomba kuwakilisha. Wenye lenzi za kurithi mnasemaje?